Bitana ya Kikapu

"Bitana ya koti, mzee, au ya gauni?" aliuliza mwenye duka la vitambaa, mkasi ukimning'inia shingoni.

"Ya gari," Refa alijibu kwa sauti ya chini.

"Ya nini?"

"Ya gari. Ya paa la gari. Kwa ndani."

Mwenye duka alikuwa mtu wa kuwashirikisha wateja wake katika kila jambo. Aliwageukia wanawake waliokuwa wakichagua mapazia, akawaambia, "Mzee huyu gari lake linasikia baridi, analishonea koti." Wanawake wakacheka, na mmoja akataka kujua kama gari lenyewe ni la kike au la kiume, ili wamsaidie kuchagua rangi.

Refa naye akacheka, maana angefanyaje? Mtu aliyechezesha mpira wa mitaani ujana wake wote na nusu ya uzee, akaitwa kipofu, mla rushwa na mbuzi huku uwanja mzima ukiimba kwa pamoja, haumwi na utani wa dukani. Alikuwa amejifunza kuyaacha maneno ya watu yampite masikioni kama upepo. Tena alikuwa amejifunza vizuri kupita kiasi, ila hilo alikuwa bado hajalijua.

Alichagua kitambaa kizito kidogo, cha rangi ya chai yenye maziwa mengi, akaongeza blanketi jepesi la pamba la kuwekwa katikati ili limeze kelele. Akatoka na bunda lake kwapani. Hajafika mbali, muuza maziwa wa mtaani kwao akamkimbilia kutoka ng'ambo ya barabara.

"Refa! Nimesikia habari zenu. Hongera sana, baba! Wanaume wa namna yako wamebaki wangapi? Wangu mimi angenifungia mlango!"

Refa alishangaa jinsi habari za bitana zilivyomtangulia, wakati bitana yenyewe ilikuwa bado kwapani. Akaona mwenye duka yule ana mdomo mwepesi kuliko alivyodhani.

"Ah, ni jambo dogo tu," alisema kwa unyenyekevu aliotaka uonekane. "Nimeona mke wangu naye apate raha kidogo."

"Raha, na heshima juu yake! Mungu akubariki."

Njia yote iliyobaki Refa alitembea kama aliyeongezwa urefu.

*

Gari lenyewe watu wa mtaa waliliita Kikapu. Lilikuwa gari la zamani la milango miwili, refu mbele na fupi nyuma, na paa lake halikuwa la bati bali turubai jeusi lililotandikwa juu ya mbavu za chuma. Ukifungua vishikio vilivyo juu ya kioo cha mbele, ukasukuma, mbavu zilijikunja zikalala nyuma ya viti, na gari likabaki wazi kama sahani. Refa alilinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa akihama, kabla watoto wao hawajazaliwa, na alilipenda hivi kwamba mke wake aliwahi kusema mbele za watu kuwa lingekuwa mwanamke, angejua la kulifanya.

Shida ya Kikapu ilikuwa kelele. Likishashika mwendo, turubai lilipigapiga, mbavu ziligongana, na upepo uliingia kwa kila upenyo ukipiga mluzi. Mkifika barabara kuu, mtu aliyekaa kiti cha pili angeweza kuungama mauaji na dereva asijue.

Na mke wake alikuwa akiongea. Hilo ndilo lililomtia Refa wazo. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mkunga wa hospitali mpaka alipostaafu, amewazalisha wanawake wa mtaa mzima, na jina la Mkunga lilikuwa limefuta jina lake la kuzaliwa. Alizungumza kama mtu anayeagiza mkasi: maneno machache, yote ya kazi. Lakini ndani ya Kikapu, mwendo ukishakolea, midomo yake ilianza kwenda na haikusimama mpaka wanafika. Aliongea akitazama mbele, mara akitabasamu, mara akijipiga goti kwa kiganja. Refa hakusikia hata neno. Na kwa kuwa hakutaka kumkatisha, kila alipoona midomo imetulia kidogo alitikisa kichwa na kupaza sauti, "Kweli kabisa!" Akiona uso wa mkewe umekuwa mzito, alisema, "Mungu akipenda!"

Kwa hesabu zake yeye, hayo yalikuwa mazungumzo mazuri, na ndoa ilikuwa inakwenda. Sasa kwa kuwa naye amestaafu urefa na masikio yake yana nafasi, alitaka kuzisikia hizo hadithi. Angempa mkewe zawadi ya gari lenye ukimya, ndani yake waongee kama vijana.

*

Fundi wa viti vya magari alikuwa na kibanda nyuma ya kituo cha mafuta, na alikuwa hodari wa kujisifu hata kwa kazi ambayo hajawahi kuifanya.

"Paa? Mimi nimeshona mapaa mpaka nimechoka," alisema, kisha akakizunguka Kikapu akikichungulia huku na huku kama mtu anayetafuta mlango.

Walilegeza turubai kwa nyuma, pale lilipopigiliwa, wakalikunjia mbele mpaka mbavu zikabaki uchi. Fundi alikata kitambaa kwa kufuata vipande vya magazeti alivyovipima juu ya mbavu, akashona mikunjo mirefu upande wa nyuma wake, kila mkunjo mfano wa mfuko uliotobolewa pande zote mbili, ili kila ubavu uvishwe wake kama mkono unavyovishwa shati. Blanketi likatandazwa juu ya bitana, turubai likarudishwa juu ya blanketi. Kingo zikapakwa gundi, zikabanwa kwa pini mpaka zishike. Fundi alitaka kila kitu kikaze.

"Ikilegea itaning'inia kama shavu la mzee," alisema. Kisha akamtazama Refa. "Samahani."

Refa alikuwa amelala chali juu ya viti, miguu nje, mdomo umejaa pini, akibonyeza kona moja kwa vidole vyote, wakati kivuli kilipoziba mlango. Mkunga alikuwa anatoka sokoni.

"Unafanya nini humo?"

Refa akatema pini moja moja kwenye kiganja, maana hakutaka kumeza zawadi. "Ilikuwa nikushangaze. Ni bitana. Gari litakuwa kimya. Tutaweza kuongea."

Mkunga aliitazama rangi ile ya chai ya maziwa kwa muda. Hakuonekana kama mtu aliyepewa zawadi. Alionekana kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitasa kimebadilishwa.

"Kwani tulikuwa hatuongei?"

"Tusikilizane, ndiyo maana yangu."

"Kelele zake mimi nilishazizoea," alisema. "Ungeliacha tu lilivyo."

Akaondoka na mboga zake. Refa akamwambia fundi kwamba mke wake ni mtu asiyependa kugharamiwa. Fundi akasema wake pia, ingawa kila mtu pale alijua kwamba wake alimkimbia.

*

Siku ya kwanza kukitoa Kikapu na bitana yake, walikuwa wanakwenda kumtembelea dada yake Refa, aliyekaa mbali kidogo kwenye barabara kuu. Mitaani Mkunga alikaa kimya, mkoba mapajani. Refa hakumharakisha. Aliendesha kwa upole wa mtu aliyebeba mayai, akisikiliza saa ya gari ikigonga, kitu ambacho hakujua kwamba bado kinafanya kazi.

Walipoingia barabara kuu, lori likawapita, vumbi likapanda, na mazoea yakamshinda Mkunga. Akatazama mbele, akaanza kwa sauti ile ile ya chini ambayo bila shaka alikuwa akiitumia miaka yote.

"Haya, tunakwenda kwa wifi. Tukae, atusimulie magoti yake yanavyouma, mpaka na yangu yaanze. Na huyu naye amevaa shati lile tena. Mara ngapi nimelificha? Nimeliweka chini ya godoro, amelifukua kama mbwa."

Refa akatupia jicho shati lake. Lilikuwa shati zuri, la mistari. Alitaka kucheka, lakini akajizuia, hata pumzi akaibana, kama mtu aliyeona ndege ametua dirishani. Shingo yake, kwa mazoea nayo, ikatikisa kichwa.

"Lakini simlaumu," Mkunga aliendelea. "Nikishaondoka nani atamfichia? Atalivaa mpaka limwotee ukungu. Na kula je? Mkate na chai, chai na mkate. Wale wasichana wa chuoni watapata mwalimu, na huyu atapata vidonda vya tumbo. Itabidi nimwombe jirani..."

"Ukishaondoka kwenda wapi?" aliuliza Refa.

Mkunga aliruka kama aliyeguswa na umeme. Mkoba ukaanguka miguuni. Kikapu kilipunguza mwendo bila Refa kukusudia, na gari la nyuma likapiga honi ndefu yenye matusi ndani yake.

"Unanisikia?"

"Si ndiyo kazi ya bitana!"

"Tangu wapi?"

"Tangu magoti ya dada yangu."

Mkunga akaziba uso kwa viganja. Refa alisogea pembeni ya barabara, akazima injini. Ukimya aliougharamia ukawakalia wote wawili.

"Mama, kwenda wapi?"

"Nilikwambia," alisema Mkunga ndani ya viganja. "Siku tuliyotoka msibani, pale penye daraja. Nikakwambia chuo cha wakunga kule milimani wamenitaka nikafundishe mwaka mzima, na nyumba wananipa. Nikakwambia nataka sana. Ukasema, 'Kweli kabisa.' Nikakuuliza, 'Huna neno?' Ukasema, 'Mungu akipenda.'"

"Lakini nilikuwa sikusikii!"

"Nilijua."

"Ulijua?"

Mkunga akashusha mikono. "Nusu nilijua. Nusu nikasema, labda leo kasikia."

Refa akawasha injini, wakaendelea mpaka kwa dada. Na yule dada, badala ya kuwafungulia geti tu, alimrukia Refa shingoni. "Kaka yangu! Umenipa sifa! Nimewaambia wote hapa, kaka yangu si kama hawa wanaume wengine. Mke aende akafundishe, yeye abaki alinde nyumba! Kaa hapa, ule."

Refa akakaa, akala. Kila tonge aliliteremsha kwa sifa moja. Katikati ya chakula akamkumbuka muuza maziwa, na zile baraka alizozipokea barabarani akiwa na bunda kwapani, akatamani meza immeze. Bitana haikuwa imemtangulia popote. Mtaa mzima ulikuwa unajua, na aliyebaki nyuma ya habari za nyumba yake alikuwa mwenye nyumba.

*

Waliporudi, jambo la kwanza alilofanya Refa ni kumpigia simu binti yao, akitumaini kupata angalau mtu mmoja wa upande wake.

"Baba, si ulikubali?" binti alisema. "Mama aliniambia umekubali, tena mara mbili."

"Nilikuwa sisikii."

"Mara zote mbili?"

Refa akakata simu. Aliwahi kuwafukuza uwanjani wachezaji waliodai hawakusikia kipenga. Hakukumbuka hata mmoja aliyemsamehe.

Mkunga alikuwa chumbani, akitenga nguo za kwenda nazo na za kubaki. Refa akasimama mlangoni, akajaza kifua kama siku za fainali. "Na nikisema usiende?"

Mkunga alimalizia kukunja gauni, akalilaza kwenye rundo la kwenda. "Mimi sikukuomba ruhusa, baba. Nilikuwa nakuaga."

Kifua kikatoka upepo. Refa alitafuta neno zito la kuondokea, akalikosa, akasema, "Na shati langu nalipenda," akatoka nje.

Kuanzia hapo aligoma. Hakujua hasa anagomea nini, lakini alihitaji mahali pa kugomea, na nyumba ilikuwa imejaa mafurushi. Kwa hiyo kila baada ya chakula cha mchana, ambacho mgomo haukukigusa, alichukua gazeti akaenda kukaa ndani ya Kikapu, uani, milango imefungwa. Majirani waliochungulia ukutani walidhani gari limeharibika.

"Lina nini, Refa?"

"Naisikiliza injini," alijibu.

"Mbona umeizima?"

Akapandisha kioo.

Humo ndani kulikuwa kimya kwa namna aliyokuwa hajawahi kuipata popote. Bitana ilikaza juu yake, safi, mishono imenyooka, na hata muuza maziwa akipita na debe lake barabarani, sauti ilifika imefifia kama ya ndotoni. Kazi nzuri, alijisemea. Ubaya wake ni kwamba mtu alijisikia mwenyewe. Alisikia pumzi yake. Alisikia tumbo lake. Alijikuta akikumbuka safari moja moja, sura ya mkewe ilivyokuwa katika kila moja, na kujiuliza pale alisema nini, na mimi nikakubali nini.

Alasiri moja mlango wa pili ukafunguliwa. Mkunga akaingia, akakaa, akaufunga. Wote wakatazama ukuta wa uani kama watu walio safarini.

"Hebu niambie," Refa alisema hatimaye. "Mengine uliyoyasema humu yalikuwa yapi?"

"Yamepita."

"Moja tu."

Mkunga alifikiri. Kidole chake kilikuwa kikifuata mshono wa bitana juu ya dirisha, kwenda na kurudi.

"Unakumbuka mwaka walionichagua niwe mkuu wa wakunga kule wilaya ya pili? Nikakataa."

"Ulisema hukuipenda kazi ya ofisini."

"Nyumbani ndivyo nilivyosema. Watoto walikuwa wadogo, na wewe kila mwisho wa juma uko viwanjani. Nikaona nikisema nataka, utakosa usingizi, na mwishowe utasema hapana, na mimi nitakuchukia. Basi siku ile nilipotoka kuipeleka barua ya kukataa, ulikuja kunichukua. Nikakwambia yote humu. Nililia, bwana. Kutoka hospitali mpaka nyumbani."

Refa alikumbuka. Hilo ndilo lililomvunja, kwamba alikumbuka. Aliiona ile jioni, vumbi jekundu, na mke wake akijifuta macho kwa kanga... na yeye, dereva mwenye huruma, akiinama upande wake kumpa msaada.

"Nilikwambia nini?" aliuliza, ingawa alikuwa anajua.

"Ulisema, 'Funga kioo, vumbi litakuumiza macho.'"

Refa akauweka uso kwenye usukani. Honi ikalia. Jirani akachungulia tena ukutani, na Mkunga akampungia mkono kwamba hakuna kitu. Alipomgeukia mumewe, mabega yake mwenyewe yalikuwa yanatikisika, na ikamchukua Refa muda kuelewa kwamba anacheka.

"Lakini nilikifunga," alisema Mkunga. "Kwa kweli kulikuwa na vumbi."

*

Siku ya kuondoka, Refa alipakia mizigo mwenyewe. Alivaa shati jingine, na Mkunga aliona lakini hakusema. Kituo cha mabasi ya mbali kilikuwa njia panda ya barabara kuu, mwendo wa kutosha kwa watu kuongea mambo ya mwaka mzima.

Hawakuongea. Kikapu kiliteleza barabarani kimya kama chumba cha mgonjwa. Refa alijaribu. Alisema hali ya hewa ina dalili ya mvua. Mkunga akasema ndiyo. Alisema mabasi ya siku hizi si mabaya. Mkunga akasema si mabaya. Midomo ya Mkunga ilikuwa ikifunguka kidogo, kisha inajifunga.

"Sema tu," Refa alimwambia. "Lolote. Hata la shati."

"Siwezi. Nikianza, nasikia unavyosikiliza. Unasikiliza kama daktari wa meno."

Refa akaendesha kidogo zaidi. Kisha akakata kona, akasimama kwenye majani ya pembeni, akafungua vishikio vya paa.

"Unafanya nini? Nitachelewa!"

"Shuka unisaidie kulikunja."

Fundi alikuwa amemwonya alikunje taratibu, kwamba bitana ngeni ni ngumu mpaka izoee. Refa alikunja kama alivyokuwa akikunja miaka yote, kwa msukumo mmoja wa mbwembwe. Paa likainuka mpaka katikati, likakwama. Likabaki limesimama wima juu ya gari, mbavu zimetanuka, kama mtu aliyeinua mikono akiamriwa na polisi. Halikwenda nyuma wala mbele. Refa akashika ubavu wa katikati, akavuta. Mshono ukalia.

"Usivute!"

Ilikuwa sauti ambayo Refa alikuwa hajawahi kuisikia, kwa sababu hakuwahi kuruhusiwa kuingia ilikotumika. Akaachia mara moja.

"Ukivuta sasa utachana," Mkunga alisema, tayari amevua viatu na kupanda juu ya kiti. "Limekaa vibaya tu. Lirudishe nyuma kidogo. Kidogo nimesema." Akapenyeza mkono kati ya kitambaa na chuma, akafumba macho, akapapasa. "Hapa limejikunja. Subiri. Bado. Vuta pumzi, unatetemeka mpaka gari linatetemeka. Bado... sasa sukuma. Taratibu! Unasukuma kama unagombana nalo."

Ubavu ukateleza, mwingine ukaufuata, uzi mmoja ukakatika kwa sauti ndogo, na paa zima likashuka likalala nyuma ya viti. Mtu wa baiskeli aliyekuwa amesimama kutazama akapiga makofi.

"Mvulana au msichana?" Refa aliuliza akihema.

Mkunga akacheka mpaka akakaa.

Wakaondoka gari likiwa wazi kabisa. Upepo ukawavamia, kitambaa cha kichwa cha Mkunga kikataka kuruka, akakishika kwa mkono mmoja. Barabara ilikuwa na kelele zake zote, malori, matairi, upepo. Na baada ya muda, kwa pembe ya jicho, Refa akaiona midomo ya mkewe imeanza kwenda. Shingo yake ikataka kutikisa kichwa. Akaizuia kwa nguvu, mpaka ikauma.

"Sisikii!" alipiga kelele.

Mkunga akageuka.

"Sijasikia! Rudia!"

"Nimesema naogopa!" Mkunga akapaza sauti.

"Unaogopa nini?"

"Wasichana wa siku hizi! Wamesoma! Watanicheka!"

"Watakuogopa wewe! Mimi hapa bado natetemeka!"

Watu waliokuwa wakitembea pembeni waligeuka kuwatazama wazee wawili wanaofokeana ndani ya gari lisilo na paa. Mkunga aliinama karibu na sikio lake.

"Na wewe je? Unasemaje?"

Refa akaufungua mdomo, upepo ukajaa ndani. "Sitaki uende!"

"Najua!"

"Lakini nenda!"

"Nini?"

Akamtazama haraka. Hakujua kama kweli hakusikia au anamfanyia. Ikambidi aseme tena, kwa sauti ya kiwanja kizima, na safari hii kila mtu barabarani alisikia. "Nimesema nenda!"

*

Basi lilipoondoka, Refa alibaki pale njia panda na gari lake lililo wazi, na mvua ile ile aliyoitabiri kwa kukosa la kusema ikaanza kudondoka. Alijaribu kuinua paa. Liliinuka mpaka katikati, likakwama. Alipanda juu ya kiti, akafumba macho, akapenyeza mkono akapapasa kama alivyoona. Hakupata kitu ila kidole chake mwenyewe, alichokibana. Paa lilihitaji watu wawili, basi akalisukuma likalala tena nyuma, akawasha gari.

Aliendesha njia yote ndani ya mvua, ameukaza uso kama aliyepanga iwe hivyo. Maji yalijaa miguuni, yakaenda mbele akipiga breki na nyuma akiongeza mwendo. Aliogopa kuigusa bitana. Mtaani, muuza maziwa alikuwa amejibanza chini ya baraza, akamwona akipita.

"Refa! Kwani gari halina paa?"

"Lina paa, mama!" alijibu bila kusimama. "Tena lina na bitana!"

Alipoingia ndani simu ilikuwa inaita. Akaipokea kabla ya kuvua viatu.

"Umefika?" sauti ya Mkunga iliuliza, nyuma yake injini ya basi na mtoto analia.

Siku zote angesema nimefika, wakaishia hapo. Akamweleza kuhusu paa, kidole, na samaki aliodhani wanaogelea miguuni pake. Mkunga akacheka mpaka abiria wa jirani akamuuliza ana nini. Kisha akaanza kusema yeye. Mtandao ulikuwa mbovu huko walikofika, sauti ikikatika na kurudi. Refa akavuta kiti cha jikoni, akakaa, maji yakimchuruzika sakafuni, na simu ameikandamiza sikioni.

"Hapo umesema nini?" akauliza. Akarudiwa. Baada ya kidogo akauliza tena, "Hapo? Baada ya mlima?" Akarudiwa. Na tena, na tena, mpaka Mkunga akafoka, "Wewe masikio yameanza kuziba?"

"Rudia tu," alisema Refa.